Quantum ESPRESSO inakuhesabia nyuzi, lakini haikuonyi

Kama umewahi kukokotoa elektroni za silikoni, huenda umeshakutana na Quantum ESPRESSO. Ni programu ya bure, msimbo wake uko wazi, na hutumika kufundishia kwenye shule za ASESMA hapa Afrika. Mimi ni shabiki wake. Leo lakini nina lawama moja.

Tuelewane kwanza. Programu hii inaweza kugawa kazi kwa njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni MPI: michakato kadhaa, kila mmoja na kumbukumbu yake, inayotumiana ujumbe. Fikiria wapishi wa shughuli, kila mtu na jiko lake na kiroba chake cha mchele. Wakitaka kuulizana kitu wanamtuma mtoto. Ya pili ni OpenMP: nyuzi kadhaa ndani ya mchakato mmoja, zote zikichota kwenye kumbukumbu ileile. Hapo ni jiko moja, kiroba kimoja, mikono mingi.

Kwa nini uchanganye? MPI peke yake hurudufu baadhi ya data kwenye kila mchakato, na RAM inaisha. Pia gridi ya FFT kwa kawaida hugawanywa kwa matabaka. Michakato ikizidi matabaka, iliyozidi haina cha kufanya. Nyuzi zinasaidia hapo. Kwenye mashine kubwa, mchanganyiko huu ni kazi nzuri, sina ubishi.

Shida iko kwenye laptopu yako. Tuseme ina kore 8, nawe ukaanzisha michakato 8 ya MPI. Usipoweka OMP_NUM_THREADS, kila mchakato unaweza kufungua nyuzi 8. Nane mara nane: nyuzi 64 zinagombania kore 8. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Majibu yatakuwa sahihi, ila utasubiri mno, na utadhani tatizo ni atomu zako.

Sasa, mwanzoni mwa matokeo programu inaandika idadi ya michakato na idadi ya nyuzi kwa kila mchakato. Yaani habari inayo! Inataja tu, haikemei. GROMACS, programu ya kuiga mwendo wa molekuli, ikiona nyuzi zimezidi kore inaandika onyo waziwazi. Kwa mtaalamu hiyo ni tofauti ndogo. Kwa mwanafunzi aliyeazima mashine kwa usiku mmoja, ndiyo tofauti ya kupata jibu au kurudisha mashine mikono mitupu.

Mpaka onyo hilo lije, jilinde mwenyewe. Weka OMP_NUM_THREADS=1, endesha mfano mdogo, kisha soma muda wa WALL mwishoni. Halafu jaribu 2, ukipunguza michakato iwe nusu. Michakato mara nyuzi isizidi kore. Dakika kumi za kupima zitakuokolea usiku mzima.