Waya Mnene wa Wasso

Wasso, mji wa hospitali na biashara katika tarafa ya Loliondo, uko mbali na mabwawa na mitambo mikubwa inayolisha gridi ya Taifa. Huku fundi wa sola anayejua kazi ana heshima yake, na anastahili.

Fundi ninayemsifu utamjua kabla hajashika bisibisi. Anapima kwa hatua kutoka ilipo betri hadi taa ya mwisho, anauliza duka litawasha nini usiku, ndipo anautazama waya ulionunuliwa. “Huu mwembamba ni wa umeme wa TANESCO, mama. Wa betri unataka mnene.”

Hesabu iko upande wake. Vifaa vya wati 60 kwenye volti 230 huvuta kama robo ya ampea. Vifaa hivyohivyo kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 5. Na kila waya, hata wa shaba, hukinza mkondo. Volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani, kama Georg Ohm alivyoonyesha mwaka 1827. Waya wa milimita za mraba 1.5, mita 10 kwenda na 10 kurudi (umeme lazima urudi betrini, la sivyo hautembei kabisa), una ukinzani wa karibu omu 0.23. Ampea 5 zikipita, zaidi ya volti 1 inageuka joto njiani. Kwenye 230 nani angeiona? Kwenye 12 ni karibu sehemu ya kumi, na taa inafifia. Kwa hiyo anachagua waya wa milimita za mraba 6.

Kisha viungo, na hapa ndipo uzuri wa mkono wake ulipo. Anamenya plastiki bila kukata hata unyuzi mmoja wa shaba. Anasokota, anaingiza kwenye konekta, anakaza skrubu, anavuta kwa nguvu. Ukichomoka, anaanza upya. Kiungo kilicholegea huchemka, na mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Fyuzi anaiweka jirani kabisa na ncha ya chanya, maana betri ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea.

Mwisho anawasha vyote kwa pamoja, anaacha muda upite, anapapasa kiungo kimojakimoja kutafuta joto. Mita ikisoma 12.4 betrini na 12.1 kwenye taa ya mwisho, anakusanya vifaa vyake.