Mfugaji Anayetunza Kiangazi

Wapo watu duniani wanaofuga taa nyumbani. Si taa wa baharini tunaowaona kwenye masoko ya pwani, bali wa maji baridi, kutoka mito ya Amerika Kusini. Anayetafutwa sana ni Potamotrygon leopoldi wa mto Xingu nchini Brazili, mweusi mwenye madoa meupe, mkiani ana mwiba wenye sumu. Huyo hutaka tangi la maelfu ya lita, pampu zisizozimwa usiku wala mchana, na mtu wa kumhudumia bila likizo. Ni ufugaji wa kuheshimiwa. Lakini ufundi ninaoustaajabia zaidi hufanyika katika tangi dogo, na sehemu yake ngumu kuliko zote hufanyika pasipo maji. Ni ufugaji wa samaki wa msimu wa jamii ya Nothobranchius, ambao kwao ni madimbwi ya mvua ya Afrika Mashariki na ya Kusini, zikiwamo nyanda za kati za Tanzania.

Anayetaka kuuelewa ufundi huo aende Ntalikwa, katika Manispaa ya Tabora, mwezi Septemba. Miombo imepukutisha majani, majaruba ya mpunga yamekauka, na udongo mweusi wa mbugani umepasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima unaingia. Mvua za huku huanza karibu na Novemba na kuisha Aprili au Mei. Katikati ni kiangazi kitupu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa nguvu ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji waliipanga safari yao kwa kalenda hiyo. Walitoka mavuno yakishaingia ghalani, na wengi walitaka wawe wamerudi mvua zinapoanza, wapate kulima.

Samaki wa mbuga hizi zinazokauka nao wana njia mbalimbali za kukabili kiangazi. Kambale hutafuta maji yaliyobaki, hata kwa kutambaa. Kamongo hujifukia matopeni akiwa hai. Nothobranchius yeye hafanyi lolote kati ya hayo. Dimbwi linapokauka, wazazi wote hufa. Kinachobaki ni mayai yaliyofukiwa udongoni, kila moja lina upana wa milimita moja hivi na ganda gumu. Humo hungoja miezi mingi, mpaka maji yarudi. Ndiyo maana dimbwi lililojaa wiki chache tu zilizopita linaweza kuwa na samaki wazima wanaotaga, na watu wakasema wameshuka na mvua.

Wataalamu waliwafahamu mapema, na njia ya misafara ilichangia. Mwaka 1890 msafiri Emin Pasha alitoka Bagamoyo kuelekea bara akiwa na mwanasayansi Franz Stuhlmann, wakapita Tabora. Stuhlmann alikusanya viumbe njiani, na mwaka 1891 Franz Hilgendorf wa makumbusho ya Berlin akamtangaza kwa maandishi Nothobranchius taeniopygus, samaki wa nyanda hizi za kati, kwa vielelezo vilivyotoka upande wa Turu, mashariki ya Tabora. Miaka miwili baadaye akatangazwa Nothobranchius guentheri, ambaye kwao ni Unguja peke yake. Leo huyu wa Unguja anafugwa na watu wengi Ulaya na Marekani, mbali na kisiwa chake.

Ukiwatazama tangini utaona sababu. Wengi hawazidi urefu wa kidole. Jike ni kahawia au kijivu, lakini dume ana buluu na wekundu mkali hadi kwenye mkia. Maisha yake yote ni ya miezi michache, na rangi hiyo huipata ndani ya wiki chache tu za mwanzo. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba Nothobranchius furzeri katika madimbwi ya Msumbiji aliweza kukomaa na kuzaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa.

Mfugaji huanza na tangi la lita 15 au 20, dume mmoja na majike mawili au matatu, ili dume asimchoshe jike mmoja. Maji ya bomba huachwa yatulie, dawa itoke. Chumvi kidogo huongezwa, kiasi cha kijiko cha chai kwa lita 10, kwa kuwa samaki hawa hushambuliwa sana na kimelea kinachoacha unga wa rangi ya dhahabu juu ya ngozi na kuwaua haraka. Ndani ya tangi huwekwa chombo chenye mboji laini iliyochemshwa, au vumbi la makumbi ya nazi. Dume humsukuma jike chini, humfunika kwa pezi lake la mgongoni, wote wawili hutetemeka, na yai moja huingia mbojini. Kisha huanza tena. Hawachoki, kwa sababu siku zao ni chache.

Baada ya wiki moja hivi, chombo hutolewa. Hapa ndipo ufundi unapoanza kuonekana. Mboji humiminwa juu ya chandarua, hukamuliwa kwa mkono taratibu, kisha hutandazwa juu ya gazeti. Ikibaki na maji mengi mayai huoza. Ikikauka mno husinyaa. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wamerithishana kipimo kimoja: mboji iwe na unyevu wa tumbaku iliyo tayari kutiwa kwenye kiko. Maelezo hayo huwapa tabu vijana wa London au Chicago ambao hawajawahi kushika tumbaku. Mkulima wa Urambo, Sikonge au Uyui hahitaji kuelezwa mara mbili. Vidole vyake vimeshajifunza, msimu baada ya msimu, kutambua jani lililo kavu mno linalovunjika na lililo bichi mno litakaloota ukungu. Kipimo kigumu kuliko vyote katika ufundi huu kinajulikana Tabora tayari.

Mboji hiyo hufungwa katika mfuko wa plastiki, ikaandikwa jina la samaki, mahali walikotoka na tarehe. Huwekwa gizani, mahali penye joto la kadiri. Halafu mfugaji hungoja, miezi miwili kwa aina fulani, sita au zaidi kwa nyingine. Hakuna cha kulisha wala cha kusafisha. Anachotunza ni kiangazi. Akikifupisha hapati kitu. Akikirefusha kupita kiasi, vifaranga hudhoofu ndani ya ganda.

Kinachofanya kungoja huko kuwe elimu ni tabia ya yai lenyewe. Kiumbe kilichomo kinaweza kusimamisha ukuaji wake katika hatua tatu: mwanzoni kabisa, chembe zake zikiwa bado zimetawanyika, katikati, umbo likianza kujipanga, na mwishoni, kikiwa kimekamilika na kinasubiri maji tu. Na mayai ya mama mmoja hayaendi pamoja. Mengine huharakisha, mengine hulala muda mrefu. Watu wa Tabora wataielewa hekima hiyo bila mwalimu. Mvua ya kwanza ya Novemba inaweza kunyesha siku mbili kisha ikakata wiki tatu, na mkulima aliyepanda mbegu zake zote siku hiyo huishia kulia. Samaki huyu hapandi mbegu zote siku moja. Mvua ya uongo ikiwaua walioanguliwa, wapo wengine udongoni.

Kwa hiyo mfugaji hodari hafungui mfuko kwa kubahatisha. Huchukua chembe chache za mboji na kuzitazama chini ya kioo cha kukuzia. Yai changa ni angavu na halionyeshi kitu. Lililo tayari lina macho mawili meusi yaliyozungukwa na duara la dhahabu, na macho hayo husogea. Akiyaona mengi ya namna hiyo, huimimina mboji kwenye beseni na kuitia maji ya baridi kidogo, kina cha vidole vichache tu, kama mvua ya kwanza inavyofanya mbugani. Saa chache baadaye vifaranga huonekana. Wengine hushindwa kujaza kibofu chao cha hewa na kubaki wakijiburuta chini. Hao hawatapona, na kila mfugaji huwapata. Wazima hutaka chakula hai tangu siku ya kwanza, vijidudu vya artemia vilivyoanguliwa siku hiyohiyo, mara mbili tatu kwa siku, na mabaki yaondolewe kabla hayajaharibu maji. Nayo mboji haitupwi. Hukaushwa upya na kufungwa tena, kwa sababu mayai yaliyolala bado yana zamu yao.

Subira hii imezaa matunda makubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Nothobranchius furzeri walikusanywa Gonarezhou, Zimbabwe, na mwaka 1971 wakapewa jina. Wafugaji wa nyumbani waliendeleza kizazi hicho kwa miaka zaidi ya 30, mfuko kwa mfuko, wakitumiana mayai kwa posta. Wanasayansi walipotafuta mnyama mwenye uti wa mgongo anayezeeka haraka, ili wachunguze kuzeeka kwa mwili, walimkuta ameshatunzwa. Leo yumo katika maabara za Jena na Cologne nchini Ujerumani na Stanford nchini Marekani, na mwaka 2015 ramani ya vinasaba vyake ilichapishwa. Chanzo cha kazi hiyo yote ni watu waliokamua mboji jikoni kwao bila kulipwa.

Naheshimu pia uaminifu wao. Samaki wa dimbwi moja hawachanganywi na wa dimbwi lingine, hata wakiwa wa aina moja. Kila mfuko hubeba nchi, mwaka na namba ya mahali, na mfuko uliopotewa na maandishi hayo hupoteza thamani. Wanajua kwamba dimbwi linaweza kufukiwa kwa barabara, kulimwa, kutiwa sumu ya wadudu au kujengwa nyumba, na kwamba aina kadhaa za jamii hii zimo katika orodha ya viumbe walio hatarini ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN. Hata hivyo mfuko hauwezi kuchukua nafasi ya mbuga. Tangini, vizazi vichache hutosha kupoteza mengi ambayo dimbwi limeyahifadhi kwa karne nyingi.

Ombi langu ni kwa walimu wa sayansi wa Ntalikwa na wa mkoa mzima wa Tabora. Mvua zikishakolea, wapelekeni wanafunzi kwenye madimbwi ya mbugani karibu na shule, wakiwa na chandarua kidogo na chupa ya kioo, na muulize kwanza ofisi ya uvuvi kuhusu kibali. Watazameni mliowapata, waandikeni, kisha warudisheni katika dimbwi lilelile, kamwe si lingine. Na mkiwa na tangi na subira, jaribuni kuyatunza mayai mpaka msimu ujao. Vifaa havigharimu sana, kipimo cha unyevu wazazi wa watoto hao wanakijua, na kiangazi Tabora tunacho cha kutosha.