Pale Herufi Zinapogeuka Maneno

Katika Fortran ya kale, lugha ambayo IBM iliitoa mwaka 1957, nafasi kati ya herufi hazikuwa na uzito wowote. Mwandishi wa programu aliweza kuziweka, kuziacha, hata kuzipachika katikati ya jina. Sasa tazama mistari hii miwili: DO 5 I = 1,25 na DO 5 I = 1.25. Wa kwanza unaanzisha mzunguko: rudia kazi hadi mstari wenye namba 5, huku I ikipanda kutoka 1 hadi 25. Wa pili hauanzishi chochote. Jina DO5I linapewa thamani ya 1.25, basi. Anayesoma kutoka kushoto hawezi kujua kama DO ni neno linalojitegemea au ni kichwa cha jina refu mpaka afike kwenye mkato au nukta, karibu na mwisho wa mstari.

Wanaosifu lugha za programu husifu sarufi zake au kasi yake. Mimi moyo wangu uko kwenye kazi inayotangulia hayo yote, kazi ya kuamua neno limeanzia wapi na limeishia wapi. Programu, kabla haijawa programu, ni foleni ya herufi tu. Ndani ya kompaila, programu inayogeuza maandishi hayo kuwa lugha ya mashine, kuna sehemu inayoipokea foleni hiyo na kuichambua kama mchele kwenye sinia: hii ni namba, hili ni jina, hii ni alama ya kujumlisha, haya ni maelezo ya mwandishi, yatupwe. Kila kinachobaki huitwa tokeni. Sehemu hiyo hulazimika kuigusa kila herufi iliyoandikwa, na ikikosea, walioko mbele hurithi kosa wasilolijua chanzo chake. Mwandishi wa lugha ya C akiandika x/*p akikusudia kugawa x kwa kitu kinachoelekezwa na p, /* husomwa kuwa mwanzo wa maelezo, na yanayofuata humezwa yote hadi */ itakapotokea.

Mwaka 1975 Mike Lesk na Eric Schmidt wa Bell Labs, jimboni New Jersey, walitoa Lex. Lex yenyewe haichambui kitu, hutengeneza vichambuzi. Unaieleza kila aina ya neno inafananaje, kwa ile lugha fupi ya alama ambayo waandishi wa programu huiita regeksi, nayo inakuandikia programu ya C itakayofanya kazi hiyo. Hesabu zilizo chini yake zilitoka mbali. Stephen Kleene aliziandika mwaka 1951 alipokuwa akichunguza mitandao ya neva iliyobuniwa na McCulloch na Pitts inaweza kutambua nini. Ken Thompson akaonyesha mwaka 1968 jinsi ya kuzitumia kutafuta maneno ndani ya maandishi.

Lakini Lex ilikuwa na masharti. Faili lake ni la peke yake, lenye sheria zake, na ukimaliza kuliandika unaliendesha, unapata C, unaikompaili, unaiunganisha na programu yako. Mwanafunzi anaweza kuchoka kabla hajaona tokeni hata moja.

Mwaka 2001 David Beazley, akiwa Chuo Kikuu cha Chicago, alitengeneza PLY kwa ajili ya somo la utangulizi wa kompaila. (Mwaka huohuo Schmidt, yule wa Lex, alikabidhiwa uongozi wa Google. Zana ndogo zina jamaa wakubwa.) PLY ni Lex, pamoja na mwenzake Yacc (anayetengeneza msomaji wa sarufi, yule anayepokea tokeni na kuziunganisha kuwa sentensi), iliyoandikwa kwa lugha ya Python tupu. Hakuna faili la pembeni wala kukompaili. Unaandika t_PLUS = r'\+' ndani ya moduli yako ya kawaida, na PLY inaiuliza Python yenyewe ina majina gani yanayoanza na t_. Jina linabeba aina ya tokeni, thamani inabeba ruwaza, yaani regeksi yenyewe. Ukitaka tokeni ifanyiwe kazi, tuseme tarakimu zigeuzwe namba, unaandika fanksheni, na regeksi unaiweka pale ambapo wana-Python huweka maelezo ya fanksheni hiyo. Wapo wanaouona huu ni utovu wa adabu. Mimi naona ni mahali pake hasa: regeksi ndiyo maelezo sahihi kuliko yote ya kile ambacho fanksheni inakisubiri.

Ufundi wenyewe uko kwenye mpangilio. Lex huchukua neno refu kuliko yote linalolingana, na mawili yakilingana urefu, kanuni iliyotangulia hushinda. PLY haina anasa hiyo, kwa sababu huunganisha kanuni zote kuwa regeksi moja kubwa na kuikabidhi kwa injini ya Python, ambayo huridhika na chaguo la kwanza linalofaa. Alama ya = ikitangulia, == haitaonekana kamwe; zitatoka = mbili. Kwa hiyo Beazley aliweka utaratibu: fanksheni kwanza, kwa mfuatano zilivyoandikwa, kisha ruwaza fupi za mstari mmoja, zikipangwa kuanzia ndefu. Urefu unaopimwa ni wa ruwaza, si wa neno litakalopatikana. Ni kipimo cha kukadiria, na kwa alama za hesabu kinatosha. Kwa maneno kama for hakitoshi: ukiliandikia kanuni yake, litaikata forget vipande viwili. Dawa ni kulisoma kama jina lolote, kisha kulitafuta kwenye orodha ya maneno maalumu.

Kabla ya Python 3.5, regeksi moja haikuruhusiwa kuzidi makundi 100, na ndani ya PLY kila kanuni ni kundi. PLY hujaribu kuikompaili ile kubwa. Ikikataliwa huigawa nusu kwa nusu, na nusu tena, mpaka zikubalike. Mtumiaji hajui lolote.

Kwa kuwa wateja wa kwanza walikuwa wanafunzi, PLY ina ukali wa mwalimu. Kanuni iliyoandikwa mara mbili inatajwa na mstari wake. Regeksi inayoweza kulingana na utupu inakataliwa papo hapo, kwani kichambuzi kingesimama mahali pamoja milele kikiokota hewa. Hata mistari haihesabiwi mpaka uandike kanuni ya kuihesabu. PLY haijui kwamba lugha yako ina mistari.

Hata hivyo kuna mahali ambapo herufi peke yake hazitoshi. Pycparser, kisomaji cha C ambacho Eli Bendersky alikijenga juu ya PLY, kilikutana na T * x;. Kama T ni namba, huko ni kuzidisha. Kama T ni aina iliyotangazwa kwa typedef, x ni kielekezi kinachozaliwa sasa hivi. Kichambuzi hapo kilimgeukia msomaji wa sarufi na kumuuliza: T unamjua? Na kwa kuwa msomaji huyo alikuwa na desturi ya kuomba tokeni moja ya mbele kabla hajamaliza aliyonayo, tangazo la T lilibidi liwe limeshaingia daftarini kabla T inayofuata haijasomwa.