Kwato Nyuma ya Mlango

Katika miaka ya 2000, enzi za Mussa Banzi na filamu zake za kutisha kama Nsyuka na Shumileta, filamu nyingi za Bongo zilifika madukani Kariakoo zikiwa sehemu ya kwanza na ya pili. Mara nyingi ilikuwa hadithi moja iliyorekodiwa kwa mkupuo, kisha ikakatwa katikati. Kazi niliyokaa kuitazama Boko, Dar es Salaam, ni ya namna nyingine: filamu ya jini inayoendelezwa miaka kadhaa baada ya ile ya kwanza kutoka.

Muongozaji huanza na daftari. Anaitazama sehemu ya kwanza kwenye kompyuta, anasimamisha kila sini na kuandika: pazia la kijani, kovu kwenye mkono wa kushoto, taa ya barazani imeungua. Pembeni anatia alama kwa kilichobaki na kilichopotea. Nyumba ni ileile, lakini mwenye nyumba amezungushia ukuta wa matofali ya saruji, na mwembe wa uani, uliobeba nusu ya hofu ya filamu ya kwanza, hauonekani tena kutoka barabarani. Hakwenda kutafuta nyumba nyingine. Aliukagua ukuta kwa utulivu, upande wa nje na wa ndani, kisha akauingiza kwenye skripti: waliosalimika wamejijengea ukuta, na sasa wamejifungia pamoja na mwembe.

Tatizo lake kubwa ni kwato. Sehemu ya kwanza iliishia kwa kuzionyesha, chini ya dera la mwanamke mrembo ambaye kumbe ndiye jini. Mtazamaji ameshaziona, ukimwonyesha tena hashtuki. James Whale alikutana na fundo hilohilo mwaka 1935, alipoongoza mwendelezo wa Frankenstein yake ya 1931, naye akalipa lile zimwi uwezo wa kusema. Muongozaji wa Boko amechagua kinyume chake: kwato zitasikika tu.

Basi usiku wa kurekodi sini hiyo, kazi yote ilikuwa mlango mmoja. Taa iliwekwa nje ya dirisha, ikafunikwa kwa kitambaa cheupe mpaka mwanga ukalainika ukutani. Akaisogeza kidogo, akarudi nyuma ya kamera, akaisogeza tena. Alitaka ufa wa chini ya mlango ung'ae na kitasa kibaki gizani. Jenereta ilipelekwa mbali, nyuma ya nyumba ya jirani, ili muungurumo wake usiingie kwenye maiki. Kila lori lilipopita barabara ya Bagamoyo alinyanyua mkono, wote wakasubiri.

"Dada, usiogope mapema," alimwambia mwigizaji. "Sikiliza kwanza. Utaogopa ukishaelewa."

Wakarudia. Safari moja macho yalitangulia sauti. Nyingine bega lilikaza kabla ya wakati. Hakupaza sauti hata mara moja. Alimsogelea, akanong'ona, akarudi kwenye kiti chake. Shoti iliyompendeza ilikuwa ile ambayo dada yule aliacha kukunja kanga, akabaki ameishika vilevile.

Mlio wenyewe wa kwato ulitengenezwa baadaye, chumbani kwa mhariri wa filamu, kwa vifuu viwili vya nazi. Kwenye sakafu tupu vililia kama farasi. Akatandika gunia, vikafifia mno. Akamwaga mchanga kidogo juu ya saruji, akagonga kwa ukingo wa kifuu, taratibu, hatua ya pili ikiwa nzito kuliko ya kwanza. Hapo mhariri akageuka kutazama mlango.

Rasimu ya kwanza ilionyeshwa kwa vijana wa jirani. Yeye alikaa pembeni ya skrini, akiwatazama wao, daftari mapajani. Wawili walikimbilia kucheka mara tu hatua ya tatu iliposikika. Asubuhi alimwomba mhariri aiondoe hatua hiyo, ziachwe mbili, na shoti ya kanga irefushwe kwa sekunde moja.