Nyimbo za Mto Nile

Maji ya Mto Mara huingia ziwani karibu nasi hapa Musoma, nayo maji ya ziwa hutokea Jinja yakaenda zake mpaka Misri. Basi mtu wa Nyasho achotaye maji ufukoni ni jirani wa mtu wa Aswan, ijapokuwa hawajapata kuonana.

Mwaka 2011 Mina Girgis wa Misri na Meklit Hadero, mwimbaji mzaliwa wa Ethiopia, walianzisha Nile Project. Mwaka 2013 wanamuziki wa nchi za mto huo walikutana Aswan, wakakaa pamoja wakifundishana, kisha wakaimba mbele ya watu. Nyimbo hizo zilinaswa papo hapo, zikatolewa kwa jina la Aswan.

Kazi haikuwa nyepesi. Sisi tuliofundishwa kuimba kwa solfa twadhani ngazi ya sauti ni moja tu. Walakini nyimbo nyingi za Ethiopia hutumia sauti tano, na Waarabu wanazo sauti zikaazo katikati ya zile zetu. Mwalimu wa kwaya angezisikia, angegonga meza. Adungu ya Uganda, ambayo kila uzi una sauti yake, haiwezi kuzifuata mpaka nyuzi zikazwe upya.

Kwa hiyo twasifu zaidi mahali ambapo sauti moja, kama ya Alsarah wa Sudan, hupanda peke yake na vyombo vya wageni vikaingoja. Ngoma zote zinapoingia shangwe ni kubwa, lakini hatutambui tena nani ametoka wapi.

Tena kuna jambo zito. Mkataba wa 1959 uliwagawia Misri na Sudan peke yao maji hayo, mita za ujazo bilioni 55.5 na 18.5 kwa mwaka. Tanganyika nayo mwaka 1962 ilikataa kufungwa na mkataba wa 1929 uliofanywa na Waingereza, na msimamo huo ukaitwa kwa jina la Nyerere, mtu wa Butiama hapa jirani. Katika nyimbo hizi twasikia undugu mwingi, ugomvi hatuusikii. Wako wasemao ndivyo ifaavyo. Sisi twaona kwamba kulegeza uzi kwa ajili ya mwenzako ni jambo jema, lakini usiku mmoja watosha kuukaza tena. Maji hayarudi hivyo.

Nalo litungu la Wakurya, lenye nyuzi nane, ni la ukoo mmoja na simsimiyya ya Misri. Katika Aswan hatukulisikia.