Kifaru Asiye na Mwisho: Maoni juu ya Filamu ya Hatari!

Filamu ya Hatari! (1962), iliyoongozwa na Howard Hawks na kupigwa katika Tanganyika, pande za Arusha, ni ya ukoo mmoja na filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Gari limeshika nafasi ya farasi wa kupandwa, na kifaru nafasi ya farasi mwitu. Kamba ni ile ile.

Katika The Misfits (1961) ya John Huston, farasi dume anafunguliwa na mtu mwingine. Mwindaji mzee anamkamata tena peke yake, kisha anamkatia kamba kwa hiari yake. Swali la kamba limejibiwa. Katika Hatari! kifaru naye anakamatwa, anaponyoka, anakamatwa tena. Hapo ndipo penye kilele cha kweli: mnyama wa jamii ile iliyomjeruhi mtu mwanzoni mwa hadithi sasa yumo kizimbani. Je, baada ya hapo?

Hawks hajibu. Anakimbilia mjini Arusha, ambako Sean anamfuata Dallas kwa msaada wa ndama wa tembo aliowalea bibi huyo, hata tembo hao wanaingia chumbani na kitanda kinavunjika. Mtazamaji hucheka, na kicheko hicho ni halali. Lakini kifaru amekwisha kutoka katika hadithi, anangojea kuuzwa kwa bustani za wanyama za ng'ambo. Jina la filamu ni la Kiswahili, tena lina alama ya mshangao. Halisemi hatari ni ya nani kwa nani.

Mtazamaji wa Tawa hawezi kulipita jambo hili kwa wepesi. Chini ya vilima vya Mbooni, katika nyika ya Makueni, serikali ya kikoloni ilimtuma J. A. Hunter, kati ya 1944 na 1946, awaue vifaru ili nyika ifyekwe na Wakamba wahamishiwe huko. Waliuawa karibu 1,000. Wakamba hao walikuwa wamebanwa na uhaba wa ardhi tangu walowezi watwae vilima vya Mua; aliyehesabiwa kuwa hatari, hata hivyo, alikuwa kifaru.

Ndama wa Dallas wamepewa mwisho kwa sababu wana mama, na mmojawapo ana jina: Tembo. Kifaru wa Hawks hakupewa hata jina.