Toleo Lisilo Rasmi na Mamlaka ya Mchezaji: Uhakiki wa Istilahi kwa Mfano wa Counter-Strike 1.6

Utangulizi

Katika mijadala ya sera kuhusu michezo ya ufyatuaji inayochezwa mtandaoni, mchezaji anayeng'ang'ania toleo la zamani lisilo rasmi huelezwa kwa njia mbili. Ya kwanza humwona kuwa mharamia asiyetaka kulipa. Ya pili humwona kuwa mtu anayeishi kwa kumbukumbu za ujana wake. Makala haya yanahakiki maelezo hayo kwa mfano wa Counter-Strike 1.6, na yanadai kwamba kasoro yake huanzia katika neno "rasmi" lenyewe. Neno hilo hutueleza nani ameidhinisha toleo. Halitupi habari za ubora wake, wala halitwambii nani ana uwezo wa kulizima. Kwa mchezaji, na kwa mtunga sera, swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito.

Asili ya mgawanyiko

Mchezo wa Counter-Strike haukuzaliwa rasmi. Ulianza mwaka 1999 kama marekebisho ya Half-Life, mchezo wa kampuni ya Valve ya Marekani, na watengenezaji wake, Minh Le na Jess Cliffe, walikuwa wapenzi wa mchezo. Valve iliununua na kuuingiza madukani mwaka 2000. Programu ya kuendeshea seva ilitolewa bure. Mwenye kompyuta na mtandao aliweza kufungua seva, kuweka kanuni, kubadili ramani na kumtoa mdanganyifu. Mchezo ulikuwa wa kampuni, lakini uwanja ulikuwa wa wachezaji.

Mwezi Septemba 2003 toleo la 1.6 lilitolewa pamoja na Steam, mfumo unaomtaka kila mchezaji awe na akaunti inayothibitishwa na kampuni. Mwaka 2004 huduma ya WON, iliyowatambua wachezaji wa matoleo yaliyotangulia, ilifungwa. Baadhi ya wachezaji walijiundia mbadala ulioitwa WON2. Wengine walilichukua toleo la 1.6 na kuliondolea sharti la Steam. Nakala za namna hiyo zilienea Ulaya ya Mashariki, Asia ya Kusini na Amerika ya Kusini, hasa katika mikahawa ya intaneti, ambako kompyuta moja hutumiwa na watu wengi kwa siku na akaunti ya mtu mmoja haiendani na utaratibu wa mahali.

Udhaifu wa maelezo mawili

Hoja ya bei ina ukweli. Asiye na kadi ya malipo ya kimataifa huweza kukosa njia rahisi ya kununua hata akitaka. Hata hivyo, hoja hii ingetosha, toleo la zamani lingehamwa pale toleo jipya lilipoacha kuuzwa. Mwezi Desemba 2018 Counter-Strike: Global Offensive ilifanywa kuwa ya bure. Miezi michache baadaye, mwaka 2019, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Doctor Web ilichunguza seva za 1.6 zilizoonekana kupitia Steam na kukuta takribani 5,000. Kati ya hizo, 1,951 zilikuwa zimeundwa na programu hasidi. Hata tukiziondoa, zinabaki takribani 3,000. Wachezaji wake waliendelea na toleo la zamani ilhali jipya lilitolewa bure. Hapo bei haielezi kitu.

Hoja ya kumbukumbu nayo ni nyembamba. Kumbukumbu humrudisha mtu kwa jioni moja, ila haimfanyi agharimie seva kwa miaka. Tena haielezi kazi kama ReHLDS, mradi wa kujitolea ulioiunda upya programu ya seva ya mchezo huu ili kuziba mianya na kuongeza uthabiti. Anayejenga hivyo anatunza kitu ambacho bado anakitumia.

Umilisi na mamlaka

Maelezo yenye nguvu zaidi yana sehemu mbili. Ya kwanza ni umilisi. Mchezaji wa 1.6 amejifunza kwa mazoezi ya miaka jinsi kila bunduki inavyoruka inapofyatuliwa na jinsi mwili unavyokwenda ndani ya ramani. Pamoja na hayo, kila kundi lina majina yake ya pembe na njia za ramani, yanayotamkwa kwa haraka katika lugha yake. Hiyo ni jamiilugha kamili. Kubadilishiwa toleo ni kama kuambiwa kwamba umilisi wako hauhesabiwi tena.

Ya pili ni mamlaka. Tarehe 27 Septemba 2023 Counter-Strike 2 ilichukua nafasi ya Global Offensive. Kompyuta za macOS, na zile zenye mifumo endeshi ya biti 32, ziliachwa nje. Mchezaji ambaye jana alikuwa na mchezo, leo hakuwa na uwanja rasmi wa kuuchezea, bila yeye kufanya kosa. Mchezaji wa 1.6 katika seva ya kundi lake hayamfiki hayo.

Msomaji wa Kiswahili ataona mfanano na historia yetu. Usanifishaji ulioongozwa na kamati ya mwaka 1930 kwa msingi wa Kiunguja haukukifuta Kimvita. Wasemaji wake waliendelea kukisema na kukitungia mashairi. Lakini mfanano huo una ukomo, na ukomo huo ndio hoja. Lahaja haina swichi. Mchezo wa mtandaoni unayo. Huduma za GameSpy zilipofungwa mwaka 2014, Battlefield 2 ilipoteza seva zake rasmi. Wachezaji waliifufua kupitia mradi wa Revive, nao ukasimamishwa mwaka 2017 kwa matakwa ya kampuni ya Electronic Arts, ingawa kampuni hiyo haikuwa ikitoa huduma mbadala.

Hatari na istilahi

Utetezi huu hauondoi hatari. Nakala zisizo na mtunzaji ni njia rahisi ya programu hasidi. Hata hivyo, uchunguzi wa 2019 ulionesha kwamba mianya ilikuwamo pia katika toleo rasmi la 1.6, ambalo mwenyewe hakuwa amelirekebisha. Hatari ilitokana na kutotunzwa, na urasmi haukuwa kinga.

Kwa sababu hiyo, neno moja "uharamia" halitufai. Yanapendekezwa maneno matatu. "Nakala haramu" iwe ile inayosambazwa bila malipo wala idhini ilhali mwenye haki bado anaiuza; nakala nyingi za 1.6 zisizo na Steam zinaangukia hapa, na makala haya hayazisafishi. "Toleo lililorekebishwa" liwe lile linalojengwa na wachezaji juu ya mchezo kwa zana zilizotolewa, kama Counter-Strike yenyewe ya mwaka 1999. "Toleo lililookolewa" liwe lile linaloendeshwa baada ya mwenyewe kuacha kulihudumia, kama Battlefield 2.

Marekani ilianza kutambua kundi hili la tatu mwaka 2015, ilipowaruhusu walionunua mchezo kihalali kupita kizuizi cha seva iliyofungwa. Ruhusa hiyo haikuhusu kuhuisha uchezaji wa pamoja mtandaoni, yaani jambo lenyewe ambalo michezo ya ufyatuaji huishi kwalo.

Hitimisho

Suala hili linatugusa sasa. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake mwaka 2021. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Istilahi za hakimiliki za kidijitali zitatungwa au kutafsiriwa katika miaka yetu hii, na neno likishaingia katika kifungu cha sheria, hakimu hulisoma kama lilivyo. Tukiandika "uharamia" kwa matoleo yote yasiyo rasmi, tutamwadhibu aliyeokoa pamoja na aliyeiba. Washauri wa sera wanahimizwa kuanza na swali moja kabla ya kulipa toleo jina: je, mwenye haki bado anauhudumia mchezo huu?